Vilemba Nyuma ya Nyumba ya Mama Yako

Mwanangu Zaina,

Ningeanza na salamu, lakini salamu za nini wakati uko nyuma ya ukuta huu huu ninaouegemea, unamenya vitunguu na binamu zako na kucheka kwa sauti ambayo mjomba wako Sefu anasema haimfai mke wa mtu? Cheka tu. Mvua inanyesha, hakuna mpita njia wa kukusikia.

Utausamehe mwandiko. Kwa maalimu nilisoma mpaka Juzuu Amma, nikafukuzwa kwa kucheka. Kwa mapadri nikasoma herufi zao, nikafukuzwa kwa kuiga chafya ya padri mbele ya padri mwenyewe. Kila nyumba ya elimu niliyoingia nilitoka kwa kasi kuliko nilivyoingia. Na hizi herufi ndizo nilizokuchorea kwa kijiti kwenye udongo, chini ya vichaka vya yule Bibi wa Kidachi niliyemtunzia bustani, ukanipita kabla ya mwaka kwisha.

Ya chumvi, ya mkeka, ya kumwamkia mama mkwe na ya kuamka kabla ya jogoo sitayagusa. Shangazi zako wamekuambia hayo wiki nzima, na waliosema sana ni wale walioachika.

Sasa hivi unaisoma barua hii Kilosa. Nakujua. Nilikuambia ukifika Kilosa ufungue kikapu uvilowanishe vile vipandikizi, nawe umefanya hivyo hivyo, kwa sababu kwa mambo ya mimea unanisikiliza hata kama kwa mengine hunisikilizi. Umeinua magome ya mgomba, chini yake umekuta kitambaa cha nta, ndani ya kitambaa nimo mimi. Gari la moshi limekwisha kukutoa Morogoro. Ndivyo nilivyotaka. Sababu nitakuambia sasa, kabla sijaanza kuzunguka kama kawaida yangu.

Juzi ulipokwenda mtoni, mjomba wako alikuja. Akakalia kigoda changu, akakohoa kile kikohozi chake cha mambo ya ukoo.

"Shemeji," akasema, "mtoto akishaondoka, nyumba hii inakwenda kwa mdogo wa marehemu mama yake. Ana watoto wengi, na paa lake linavuja."

"Hata langu linavuja," nikasema.

"Lako?" akasema.

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia. Kisha akaeleza taratibu, kama vile mimi si Mluguru: "Nyumba ya ukoo ni ya mwanamke anayelala ndani yake. Marehemu alilala, ukalala naye. Zaina akilala, wewe kaa mpaka tukuzike. Akienda na mumewe, utakaa humu kama nani?"

Nilitafuta neno la kumchekesha. Nikaishia kumkaribisha maji.

Basi umeona mwenyewe. Ungebaki, ningebaki. Ningekuambia juzi, ungeshusha mzigo wako mlangoni, ungemwambia mumeo Rajabu atangulie na reli yake na wewe utamfuata, ungesema utamfuata, utamfuata, mpaka nywele zikaota mvi. Ndiyo maana nilifunga mdomo, na hujui nilivyoteseka, maana mdomo wangu haujazoea kufungwa.

Mjomba wako usimkasirikie. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na baba ni mgeni aliyekaribishwa chakula akasahau kuaga. Na mimi si mjomba wa watu? Dada yangu mkubwa alipofariki kule Mlali, na binti yake akafuatana na askari mmoja kwenda pwani, ni mimi niliyekwenda kumtoa shemeji yangu kwenye ile nyumba. Nilikaa kwenye kigoda chake. Nilikohoa. Yule mzee alilia machozi mbele yangu, nami nikarudi huku nikamsimulia mama yako kwa kumwigiza analiavyo. Mama yako hakucheka. Alinitazama tu, akaendelea kupepeta mpunga. Mimi nilidhani mzaha wangu haukukolea.

Sasa niache nizunguke kidogo.

Ulikuwa mdogo, hukumbuki vichaka vya Bibi vilivyofika. Reli haikuwapo. Vilitoka pwani juu ya vichwa vya wapagazi, kila kimoja ndani ya debe la udongo, na Bibi mwenyewe akavipokea kwenye ile nyumba yao juu ya Kilakala, pale ukungu unaposhuka alasiri, akavishika majani kama mtu anayempima mtoto homa. Yeye aliviita hotensia. Sisi watu wa bustani tuliviita vilemba, kwa sababu ua lake ni rundo la maua madogo yaliyoviringana, kubwa kama kilemba cha shehe, rangi ya buluu. Imamu wetu alipopita aliangalia pembeni. Nilimwambia, "Shehe, usione wivu, vyako havihitaji samadi." Hakunijibu mpaka Idi.

Miaka ikapita, vichaka vikanenepa. Vikawa vichaka vya mashina yaliyobanana, ndani kukavu, nje majani, na maua yakaanza kuwa madogo kama ngumi. Bibi akanionyesha kwa kidole. "Kibwana, wewe kata zee. Acha toto." Kiswahili chake kilikuwa hivyo, lakini kilieleweka. Nilimwelewa kabisa, nisije nikakisingizia Kiswahili chake kosa langu. Akaondoka kwenda Dar es Salaam kumpokea dada yake, aliyekuwa anakuja na meli kutoka Ulaya ili, pamoja na mengine, avione vilemba.

Sasa mimi nikajiambia, huyu mwanamke wa Ulaya anajua nini kuhusu kukata? Kwetu milimani, vuli ikikaribia, mteremko mzima unafyekwa. Hatuchagui hiki kizee hiki kitoto. Unafyeka, unachoma, mvua inakuja, kila kitu kinaanza upya. Ndivyo alivyofanya babu, ndivyo ilivyo. Nikachukua mundu, nikavilaza vyote mpaka usawa wa kifundo cha mguu. Nikachoma takataka. Nikakaa juu ya jiwe nikatazama kazi yangu, nikajiona mtu mwenye akili sana.

Bibi aliporudi na dada yake nilikuwa nimejiandaa kwa kiboko. Bwana wake alikuwa nacho ukutani, na hakikuwa pambo. Lakini Bibi hakupiga kelele. Aliinama, akagusa kisiki kimoja, akakaa kwenye ngazi na kofia yake kichwani. Akasema, "Kibwana. Sasa hapana kitu ya kufanya."

Afadhali kiboko, mwanangu. Kiboko kina mwisho.

Mvua ilipokuja vilichipua kwa kishindo. Majani mapana kama sahani, mazito, ya kijani cha kupendeza, na ua hata moja. Mwaka mzima. Dada mtu akakaa, akangoja, akarudi Ulaya amekwisha kuona majani. Nilitia samadi ya mbuzi. Nilitia majivu. Nilimwagilia wakati mvua inanyesha. Mwisho nikaenda kwa mganga kule bondeni.

"Mgonjwa ni nani?" akauliza.

"Kichaka."

"Cha nani?"

"Cha Mdachi."

"Toka," akasema, na kuku niliyempelekea kama ada akambakisha.

Aliyegundua ni wewe. Ilikuwa kipupwe kilichofuata. Mimi nilikuwa naogopa hata kuvipitia karibu. Ulikaa kule chini na ukucha wako mchafu, ukapasua jicho moja nene la kuchipulia kwenye ncha ya fimbo ya mwaka jana, ukaniita. "Baba, kumbe kimo humu." Nikakukemea kwa kuharibu mali ya watu, kisha nikapasua jingine mimi mwenyewe. Kilikuwamo. Kilemba kidogo kama punje ya mtama, kijani, kimekunjwa, kinangoja vuli. Jioni nikamweleza mama yako, naye akasema bila kuinua macho kutoka kwenye chungu, "Kwa hiyo ulivifyeka vikiwa na mimba." Basi. Kwa sentensi moja alimaliza elimu yote.

Tangu hapo tulikuwa tukivikata mimi na wewe, kwa namna unayoijua: mara maua yanapofifia, kabla baridi haijaingia. Lile shina kuukuu, lililopauka, gome linabanduka kama ngozi ya nyoka, hilo linakatwa chini kabisa, lisibaki hata kisiki cha kumkwaza mtu. Lakini si yote kwa mwaka mmoja. Machache mwaka huu, machache mwakani, ili fimbo changa zipate mwanga, na kichaka kiwe kinazaliwa upya bila mtu kuona siku ya kuzaliwa. Zile zenye macho manene yanayotazamana mawili mawili haziguswi. Kichwa kilichokauka unakikata juu tu ya macho ya kwanza yaliyonona, hapo hapo, usiteremke. Wewe ulikuwa unachagua, mimi nakata. Tulipokosana ulikuwa unalikumbatia shina, unasema, "Hili bado, baba." Na mara nyingi lilikuwa bado.

Hapa padri angepata la kusema. Mimi sina. Sijui kama shina kuukuu linapenda kukatwa. Halijaniambia.

Vya nyuma ya nyumba yetu nilivipanda mwaka ule mama yako alipofariki. Vipande vya takataka, fimbo zile zile tulizokata kwa Bibi, nikazichomeka jicho moja ndani ya udongo na jingine nje, zikashika. Ulinisaidia na ulikuwa unalia, ukavimwagilia kwa namna zote mbili. Mjomba wako akaja mbio kama mtu aliyesikia nyumba inaungua.

"Shemeji, umepanda mti."

"Ua," nikasema.

"Lina shina."

"Hata wewe una shina, Sefu, na hakuna anayesema wewe ni mti."

Ulicheka, unakumbuka? Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukicheka tangu msiba. Lakini mjomba wako hakuwa anafanya mzaha, na haki ilikuwa yake. Mgeni kwenye ardhi ya ukoo anapanda mahindi, anapanda maharage, anavuna, anashukuru. Mti hapandi. Mti unasema: nipo, na wanangu wapo. Mjomba wako alivizunguka vile vichaka, akavikuna kwa ukucha, akaita wazee wawili nao wakavikuna. Waliokuna wote hawakuafikiana. Mwisho likakatwa shauri: vikibaki chini ya kiuno cha mtu ni maua, vikipita kiuno ni mti, ving'olewe. Wakatumia kiuno cha mjomba wako, ambaye Mungu hakumpa miguu mirefu.

Basi ndiyo maana nilivikata kila mwaka, mwanangu. Ulidhani baba yako anapenda sana bustani, akitoka kwa Mdachi anakuja kukata tena kwake. Nilikuwa nakata ili nikae. Kila masika yalipokwisha mjomba wako alipita, akasimama kando ya kichaka kimoja, akashusha macho kwenye kiuno chake, akaenda zake. Nami nikapata mwaka mwingine.

Bibi alipohamishwa pamoja na bwana wake, unajua yule bwana kijana aliyekuja alitaka nyasi za farasi wake tu. Aliniambia nivichimbue vyote, nikavichimbua, hakuna kitu ya kufanya. Kwa hiyo vilemba vilivyobaki katika mji huu wote vilikuwa hivi vya nyuma ya nyumba ya mama yako.

Na mumeo. Lazima niliseme hili, maana mwenyewe atakuambia siku moja akichoka nawe. Alipoleta posa, mjomba wako akakubali, akapokea zawadi yake ya posa, kilemba cha mjomba, nikaletewa mimi habari baada ya watu kunawa mikono. Nikamvizia Rajabu njiani. Nikamwambia, kijana, mimi ni baba, sitaki ulaumu baadaye: binti huyu anakoroma. Anakoroma mbuzi wanakata kamba. Akanitazama, akaona aibu kidogo, akasema, "Mimi pia, mzee. Mafundi wenzangu wa reli wamenihamishia hema la pembeni." Nikarudi nyumbani nimekasirika, kwa sababu nilikuwa nimempenda.

Uongo ule unajua ulikotoka. Anayekoroma ni mimi. Umelala upande wa pili wa ukuta huu wa udongo na mkoromo wangu tangu ulipokuwa msichana mdogo, na hujawahi kugonga ukuta hata mara moja.

Nimeacha kuandika hapa, nikatoka nje. Sasa nimerudi, nguo zimelowa, na kalamu inateleza.

Nilikwenda kuvikata. Mjomba wako alisema ving'olewe kabla sijakabidhi nyumba, ili mama yako mdogo asije akawa na kesi na mtu. Nimechukua mundu. Siyo kuvichagua kama tunavyofanya. Kuvilaza vyote, kama mjinga yule wa mwaka ule. Ukaja nyuma yangu na mikono inanuka vitunguu.

"Baba, mbona unakata vyote?"

"Navipumzisha."

"Ulinifundisha tusikate vyote."

"Na wewe nani alikufundisha kumsahihisha baba mtu mvuani?"

Uliniangalia. Nikadhani sasa umejua, na mkono wangu ukasimama. Moyo wangu, mwanangu, siwezi kukudanganya, upande mmoja uliomba ujue. Kisha ukainama, ukazikusanya fimbo za kile kichaka cha mwisho kwa mikono miwili, ukanishikia ili nikate vizuri, kama ulivyokuwa ukinishikia zamani. Ulifika kwenye fimbo moja changa, ukasema, "Hili bado, baba." Nikasema, "Najua." Nikakata. Ukachagua zile nzuri, ukaziweka kando kwa ajili ya kikapu chako, ukazipanga kichwa na kichwa. Ndizo ulizo nazo mapajani.

Ulipokuwa unaondoka ukauliza, "Nikikuandikia, barua niipeleke wapi? Kwa Bwana au hapa?" Nikasema andika jina langu na Morogoro, wote wananijua kwa ubaya. Hilo lilikuwa la kuchekesha, ukacheka, ukarudi kwenye vitunguu vyako.

Usiandike hapa. Andika Mlali, kwa shangazi yako yule mdogo, aliyepewa ile nyumba. Amenipa chumba cha uani. Ni kile kile alichokuwa akilala yule shemeji yangu niliyemtoa; hata ndoano ya kutundikia kofia yake bado ipo ukutani. Nitatundika yangu. Kazi ya Bwana nitaiacha, Mlali ni mbali kwa magoti yangu, na farasi hanitaki, nami simtaki.

Hivyo vipande usivipande ardhini. Nyumba yenu itakuwa mwisho wa reli, na reli haikai. Leo Ugogo, kesho mbele, mpaka huko Tabora. Vitie kwenye debe, jicho moja ndani, moja nje, kivulini, na mnapohama debe lihame. Ukifika mahali watu wakakuambia hapa ndipo, ndipo uvishushe. Kama ua litatoka na rangi nyingine usishtuke. Udongo wa huko sio wetu.

Na vya hapa. Mjomba wako alikuja jioni hii kutazama. Ameona uwanja mweupe, visiki usawa wa kifundo, akaridhika, akanishika bega, akasema, "Umefanya vyema, shemeji." Aliniita shemeji kwa upole sana. Nikamwambia asante. Hakuinama. Mjomba wako hapendi kuinama, na mizizi mimi sikuigusa.

Wewe ni mtoto wa ukoo, una haki ya kurudi hapa siku yoyote, na mama yako mdogo hatakunyima maji. Ukirudi mwaka wa kwanza, utakuta nyuma ya nyumba majani mapana, mazito, na hakuna ua. Mtu akikuuliza ni kitu gani, sema hujui, labda mboga za Wadachi. Usimruhusu ang'oe. Ngoja mwaka mwingine.

Mimi sijui nitakuwa wapi mwaka huo. Sina la kukuahidi, wala sina la kukukataza, na nimekaa hapa tangu adhuhuri nikitafuta kitu ambacho baba anaweza kumfanyia binti anayeondoka na furaha yake, nikapata kikapu cha fimbo zilizokatwa. Kichukue hicho.

Vitunguu vimekwisha, naona, maana mmeanza kuimba. Ninaifunga sasa barua katika nta kabla hujaingia. Kisha nitakula pilau ya safari yako, nitawatania shangazi zako, na nitakwenda kulala mapema, kama mtu asiye na jambo.

Kama usiku wa mwisho hukusikia mkoromo ukutani, sasa unajua kwa nini.

Baba yako,
Kibwana